LoRA ya kanga iliyokuwa inatoa vibanio vya nguo: kisa cha fremu moja Kariakoo

Kuna dada anauza foronya za mito ya kochi, mikoba na vitambaa vya meza, fremu yake iko Kariakoo upande wa mtaa wa Uhuru kule kwenye maduka ya kanga na vitenge. Wazo lake lilikuwa zuri tu, kwamba badala ya kukata kanga za kiwandani na kushona mito ambayo kila mtu pale anayo, awe na michoro yake mwenyewe yenye sura ya kanga, achapishe, auze. Mdogo wake ni mtu wa kompyuta akamwambia hiyo mbona ndogo, tunaifundisha AI staili ya kanga halafu inatuchorea mpaka tuchoke sisi. Wakakusanya kanga za nyumbani, za mama, za bibi, za majirani, wakapiga picha, wakafundisha LoRA, kijifaili cha kuipa modeli staili mpya, juu ya Stable Diffusion XL (SDXL), modeli ya kuchora picha, wakaanza kuzalisha. Mimi nimeitwa baada ya hapo, mzigo ukiwa umeshagoma.

Na kugoma kwenyewe kulikuwa hivi. Ukiziangalia picha kwenye simu, kwa ukubwa wa kidole, unasema hawa wameshinda, rangi zimekaa, maua yapo, unaona kabisa kanga. Ukikuza sasa. Kwenye kona mbili za juu kuna vitu viwili vidogo vya plastiki, kimoja bluu kimoja pinki, nikadhani ni nakshi mpaka nilipoona kimoja kina waya katikati, kumbe ni vibanio vya nguo. Kila picha. Ukiomba kanga ya korosho vibanio vipo, ukiomba ya samaki vipo, wakajaribu kuomba mto uliokaa kwenye kochi, mto nao ukaja na vibanio. Halafu katikati ya kitambaa kuna kivuli kinashuka kama mkunjo, na upande wa kulia kuna mwanga wa njano hivi wa jua la jioni, na chini kwenye jina kuna herufi zinazofanana na herufi lakini hazisomeki, nyingine zimegeuka kabisa kama unazisoma kwenye kioo.

Dada akaniuliza, "Kaka, hii AI imeharibika au?" Haijaharibika. Imefanya kazi yake kwa uaminifu wa kutisha.

Nikaomba dataseti, yaani zile picha walizofundishia. Folda lina picha sitini na kitu, zote zimepigwa uani kwa simu moja, kanga zimeanikwa kwenye kamba, saa za jioni, na hivyo vibanio viwili vimetumika toka kanga ya kwanza mpaka ya mwisho kwa sababu ndio vilivyokuwa karibu. Kapsheni, yale maelezo mafupi ya kila picha, hakuna, kuna jina la folda tu, "kanga", basi. Mtu akishaona hilo folda hana haja ya kuuliza tena vibanio vimetoka wapi.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo maana kisa chote kimefungwa hapa. LoRA haiongezi chumba kipya kwenye modeli, modeli ya msingi inabaki kama ilivyo, imefungwa, halafu pembeni unaiwekea matrisi ndogondogo, yaani majedwali ya namba, na hizo tu ndio zinajifunza. Njia yenyewe ilitoka 2021 kwa ajili ya modeli za lugha, watu wa picha wakaichukua baada ya Stable Diffusion kuachiwa Agosti 2022. Wakati wa kufundisha, picha yako inavurugwa kwa chengachenga, modeli inaambiwa kisia chengachenga ni zipi, ikikosea matrisi zinasogezwa kidogo, mara elfu na zaidi. Kapsheni ndio dokezo inayopewa. Sasa kama kapsheni imesema kwamba kuna kamba, kuna vibanio vya plastiki, kuna jua la jioni, modeli ina maneno ya kuyatundikia hayo mambo, inayajua toka zamani, kwa hiyo haina sababu kubwa ya kuyabeba ndani ya LoRA. Kama hukusema kitu, kila kinachojirudia kwenye picha zako kinahesabiwa ni staili. Mdogo mtu alidhani anafundisha kanga, mashine ikajifunza kila ambacho yeye hakukitaja, yaani kanga pamoja na uani, kamba, saa kumi na moja jioni na kamera ya ile simu.

Watu wengi wanalifanya hili kinyume. Wanaandika kapsheni ndefu kuielezea staili yenyewe, rangi kali, mistari minene, michoro bapa, halafu vitu vya kawaida kama ukuta na meza hawavitaji kwa sababu si muhimu. Matokeo yake staili inabaki imefungwa kwenye maneno yale na ukuta ndio unakuwa staili.

Na zile herufi za kwenye kioo? Kwenye mipangilio aliwasha ile ya kugeuza picha kushoto kulia ili dataseti ionekane kubwa. Kwa maua haina shida. Kwa kitambaa chenye maandishi maana yake nusu ya masomo umeifundisha modeli kusoma kinyumenyume.

Basi mpaka hapo ungesema suluhisho ni rahisi, piga picha upya, tandika chini, andika kapsheni, tembea. Na tungefanya hivyo kama dada asingekuwa amemleta mzee.

Mzee ni wa Temeke, jirani wa mama yake toka zamani, huko nyuma amechora kanga kiwandani, zile enzi mchoro unaanzia kwenye karatasi ya grafu kwa brashi na rangi ya maji. Dada alimwita ili amuonyeshe tu, kwa heshima, "Baba njoo uone watoto wanachofanya." Tukasalimiana, shikamoo, marahaba, akavaa miwani, akashika ile leptop kwa pande mbili kama mtu anayeshika sinia, akaangalia picha kama tano hivi kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, hiki ni kitenge kilichopotea njia."

Nikamuuliza kwa nini, na alichoeleza mle ndani ya nusu saa kilikuwa na thamani kuliko video zote nilizowahi kuangalia kuhusu kufundisha staili. Kitenge, anasema, ni mtiririko, unakata popote kinaendelea. Kanga ina mwisho. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina lake kwenye kibanda chake chini ya mji, na inauzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kwa hiyo kila kipande lazima kijitosheleze. Anaanza na pindo kwa sababu pindo ndio linamwambia mji una nafasi kiasi gani. Na mchoraji anapimwa kwenye kona. Akaweka kidole kwenye skrini: hapa ua la pindo limekuja kutoka kushoto, jingine limekuja kutoka chini, yamegongana kwenye kona na lililoshinda limemkata mwenzake katikati. "Kiwandani hii hairudi mezani kwangu," anasema, "hii inachanwa."

Nikapitia picha zote upya nikiangalia kona tu. Hakuna hata moja iliyokuwa na kona nne zilizo sawa, na hakuna moja ambayo pindo la juu na la chini lilikuwa na idadi moja ya maua. Hapo mimi ndio nikaacha kufikiria habari ya kupiga picha upya, nikaanza kufikiria kama kazi yenyewe ni ya mashine.

Piga hesabu na mimi hapa, si ngumu. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110. SDXL inafanya kazi vizuri kwenye eneo la pikseli 1024 kwa 1024, kwa umbo la kanga unaangukia kwenye 1152 kwa 896. Lakini modeli haichori kwenye pikseli, inachora kwenye picha iliyobanwa mara nane kila upande, halafu kuna sehemu nyingine inaikunjua. Kwa hiyo kanga nzima mashine inaifikiria kwenye vyumba 144 kwa 112. Gawanya 150 kwa 144, chumba kimoja ni kama sentimita moja ya kitambaa. Vile vidoti vya kisutu, ile nyekundu nyeusi na nyeupe ya harusini, vingi ni vya ukubwa huo au pungufu, maana yake kila kidoti kina chumba kimoja au hakina kabisa. Herufi ya jina yenye sentimita tatu au nne ina vyumba vitatu vinne kwenda juu, humo iingie A, iingie K, zitofautiane, na hakuna anayeihesabia. Ndio maana jina linaanza vizuri linaishia vijiti. Ungeweza kufundisha wiki nzima, hilo halitibiki kwa kufundisha.

Na kuhesabu nako, hizi modeli hazihesabu. Zinaweka kitu kinachoelekea kuwa pindo mahali panapoelekea kuwa pindo. Pindo la kanga ni kazi ya rula.

Kwa hiyo tukagawana. Mji, ile michoro ya katikati, tausi, korosho, nanasi, jahazi, hiyo apewe mashine, maana pale ndipo kuna mkono wa mtu, na mkono ndio staili. Pindo lichorwe kipande kimoja cha kujirudia na kipande kimoja cha kona, kwa mkono, kisha Inkscape, programu ya kuchora, ikirudie kuzunguka, idadi ile ile juu na chini. Jina liandikwe kwa fonti ya kawaida ya herufi kubwa, nyoofu, isiyo na mapambo. Mdogo mtu hakufurahi, alitaka abonyeze kitufe kimoja kanga itoke nzima, nikamwambia hata kiwandani haikuwahi kutoka hivyo.

Sasa swali likawa mji wa nani. Zile kanga za nyumbani nyingi ni za viwanda, zimechorwa na watu ambao hatuwajui, na nyingine ni za miaka ya karibuni ambazo mwenye haki yupo na bado anauza mtaa ule ule wa Uhuru. Kufundisha LoRA kwa kazi ya mtu halafu ukafungue duka mlango wa tatu kutoka kwake, hapana, sheria iseme isiseme. Ni mzee mwenyewe aliyesema ana michoro yake nyumbani, aliyochora baada ya kutoka kiwandani, hajawahi kuiuza. Ile ya kiwandani alisema tusiiguse, nami nikakubaliana naye kwa sababu kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa inaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Karatasi zilikuja kwenye mfuko wa rambo, zimekunjwa kwa uangalifu, nyingine zimeliwa kidogo na mende pembeni. 41. Tukaziskani badala ya kuzipiga picha, kwa hiyo jua limeondoka, mikunjo imepungua, vibanio hakuna. Saba tukazitoa, tatu zilikuwa hazijaisha na nne zilikuwa marudio ya mchoro ule ule kwa rangi tofauti, na marudio kwenye dataseti ndogo ndio yanayozaa kukariri. Zikabaki 34. Kila moja tukakata mji peke yake, pindo na jina nje.

Shida iliyofuata ilikuwa korosho. Mzee anapenda korosho, lile umbo la tone lililopinda, michoro 14 kati ya 34 ni korosho. Ukiziweka zote sawa, LoRA itakuwa inachomeka korosho kila mahali, utaomba jahazi litakuja na tanga la korosho. Skripti za kohya, programu tuliyofundishia LoRA, zinakuruhusu kuweka namba mbele ya jina la folda, ndio idadi ya marudio kwa kila picha. Korosho tukaipa 5, zile 20 nyingine tukazipa 10. Ni 70 jumlisha 200, hatua 270 kwa mzunguko mmoja wa kupitia dataseti nzima ukienda na picha moja moja.

Kapsheni ziliandikwa kwa Kiingereza. Sipendi lakini ndivyo ilivyo, visoma-maandishi viwili vya SDXL vimekuzwa zaidi kwa Kiingereza, neno kama mwasumini linakatwakatwa vipande visivyo na maana kwake. Ila mpangilio ndio wa muhimu: kwanza neno la kuamshia, tukatunga "kngmji" ambalo halina maana popote, halafu unataja kilichomo, tausi wawili wanatazamana, majani ya mwembe, mandharinyuma nyekundu, doa la maji kwenye kona ya kulia, alama ya kukunjwa katikati. Ndio, doa la maji linatajwa! Alama ya mkunjo inatajwa. Vyote usivyovitaka kwenye LoRA vinatajwa. Usichotaja ni kimoja tu, jinsi mzee anavyochora: ule mstari mnene wa nje usio sawa unene, vimistari vyembamba vya kujaza ndani ya jani vinavyoelekea upande mmoja, na tabia yake ya kuacha uwazi mweupe kuzunguka kila kitu ili rangi zisigusane. Huo uwazi una sababu ya kiufundi, aliniambia, rangi mbili zikichapwa bila kupishana vizuri uwazi unaficha. Mashine haijui sababu lakini iliubeba.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya jamaa mmoja Mwenge anayehariri video za harusi, ina kadi ya picha ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12. Inatosha kwa SDXL ukibana mambo, picha moja kwa mara moja, latenti, zile picha zilizobanwa, zihifadhiwe mapema, gradienti chekipointi, ile ya kubana kumbukumbu, iwe on. Ranki 16, ndio ukubwa wa zile matrisi, alfa 8, ndio uzito wake, kasi ya kujifunza 0.0001, visoma-maandishi havifundishwi, visumbuliwe vya nini. Mizunguko minane, hatua 2160, na kila mzunguko unahifadhi faili lake. Kuhifadhi kila mzunguko kwa Dar si anasa, umeme ukikata kwenye mzunguko wa sita unataka uwe na wa tano mkononi. Na faida nyingine ni kwamba unapata faili nane za kulinganisha, kwa sababu ya mwisho si lazima iwe bora.

Kuhusu kuchagua modeli ya msingi sitasema mengi, Flux, modeli nyingine ya picha, iko juu kwa ubora, ila toleo lake la dev lina leseni isiyo ya biashara na kwenye GB 12 ingetutesa. SDXL leseni yake inaruhusu kuuza unachotengeneza. Na kama mtu anataka picha moja mbili tu zenye sura fulani asijisumbue kufundisha kitu, zipo huduma unaipa picha ya mfano inaiga.

Jaribio tulilotumia kupima faili zote nane ni bajaji. Kwenye michoro ya mzee hakuna bajaji hata moja, na ndio maana inafaa, ukiomba tausi utajua tu kama modeli inamkumbuka tausi, ukiomba bajaji utajua kama imejifunza mkono. Prompti, yaani maneno ya kuiomba picha, ile ile, sidi, namba ya kuanzia picha, ile ile, unabadilisha faili tu. Mzunguko wa kwanza na wa pili ilitoka bajaji ya matangazo, inang'aa, ina kivuli chini. Wa tatu kivuli kipo ila mistari imeanza kunenepa. Wa tano bajaji imelala bapa kabisa, tairi tatu, vimistari vya mzee vimejaza turubai vikielekea upande mmoja, uwazi mweupe umezunguka kila kitu, dada akapiga kelele pale mpaka mteja wa jamaa akageuka. Wa saba bajaji ikaanza kuota manyoya nyuma. Wa nane ilikuwa tausi mwenye usukani. Na ukiomba tausi kwenye huo wa nane, ulikuwa unapata mchoro wa mzee mstari kwa mstari mpaka na lile doa la maji, yaani ni kama mtoto wa madrasa anayesoma juzuu nzima bila kukosea ila ukimuanzishia katikati ananyamaza.

Tukachukua wa tano. Kwenye kuzalisha tunaiweka nguvu 0.8 hivi, ukiweka 1 rangi zinakolea kupita kiasi, ukishuka 0.6 kivuli kinarudi.

Kuna watu watasema picha imetoka, kazi imeisha. Kwenye chapa ndio inaanza. Mzee anachora kwa rangi tatu na nyeupe ya kitambaa, basi. Mashine ikichora nyekundu inatoa nyekundu elfu, kila pikseli na yake, kwa macho unaona moja. Chapa ya skrini kila rangi ina skrini yake na kila skrini ina bei yake, huwezi kumpelekea fundi nyekundu elfu. Njia ya mkato ni sublimesheni, kuhamisha wino kwa joto, pale Kariakoo wapo wengi, ila hiyo inashika kwenye polista, pamba inaikataa, na dada hataki polista kwa sababu mteja wake anaubonyeza mto kwanza, akihisi unateleza anaurudisha. Kwa hiyo kila mji uliochaguliwa unapunguzwa mpaka rangi tatu, unageuzwa kuwa vekta, mchoro wa mistari usio wa pikseli, kwenye Inkscape, halafu mdogo mtu anakaa anasafisha kingo kwa mkono, kazi ya masaa, na hapo ndipo amejifunza kuipenda ile michoro ya mzee kwa sababu kwenye karatasi ya grafu kingo zilikuwa safi toka mwanzo.

Upande wa makubaliano ndio watu huwa wanaruka, na mimi nilitaka usirukwe. Mchoro mzee akiuuza ameuuza mmoja. LoRA ni faili lisilofika MB 150, linaingia kwenye flashi, linatumwa kwa dakika, na aliyenalo anaweza kutoa miji ya mkono wa mzee mpaka mwisho wa dunia bila kumpigia simu. Kumpa mtu wa umri ule laki moja ya soda na kumwambia asante baba, hapo umemnunua mkono. Dada kwa bahati nzuri si wa hivyo. Kwenye karatasi yao wameandika kwamba faili linakaa kwenye mashine moja na flashi moja ambayo mzee ndiye anayo, halipandishwi mtandaoni, haliuzwi, halitumiwi na duka lingine; kwamba mzee analipwa kwa kila foronya inayouzwa, si mara moja; kwamba hakuna mji unaokwenda kwa fundi kabla hajauona, na jina lake linakaa kwenye lebo.

Mzee alisikiliza yote halafu akauliza, "Na mimi nikishakufa, hiyo mashine si itaendelea kuchora?" Itaendelea. Kwa sheria yetu, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hakimiliki ya mchoro kwa kawaida inakwenda maisha ya mchoraji na miaka 50 mbele, kwa hiyo michoro ile 34 ina warithi. Faili la LoRA ni swali ambalo mwaka 1999 hakuna aliyeliwaza, ndio maana tukasisitiza liandikwe kwenye mkataba wao, na wakaongeza mstari kwamba malipo yanakwenda kwa watoto wake kama yalivyo. Michoro yenyewe nikawashauri waipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, isajiliwe kabla ya kitu chochote kutoka dukani.

Majina ya kanga yalikuwa kichekesho. Mdogo mtu akaiomba AI ya maandishi itunge, ikaleta maneno ya upendo na amani na umoja, mazuri kabisa, hakuna hata moja ambalo mwanamke wa Dar angelivaa kumpitia jirani mbele ya mlango. Mama yake dada akatunga manne pale pale akiwa anapepeta mchele, na moja dada amekataa kulichapisha maana anajua linamlenga nani.

Toleo la kwanza la foronya limeshatoka, tausi wawili na bajaji, bajaji imekwenda haraka kuliko tausi na mzee hilo limemuuma kidogo. Sasa hivi anachora pindo jipya lenye tairi ndogondogo ili liendane nayo, kona ameshaimaliza. Hoja iliyobaki mezani ni rangi ya nne: dada anaitaka njano kwa ajili ya taa za bajaji, mzee anasema rangi tatu zinatosha kama unajua kuchora, na fundi wa skrini anasema yeye wagombane tu, ila ajue kabla ya Ijumaa.